Safari ya Kumrudisha Bwana Joho

Mwaka 2024, mwezi wa Novemba, ngano ikiwa imeiva na mashine za kuvunia zikigombania barabara na ng'ombe, nilikuwa na umri wa miaka sitini na tisa kamili. Nilizaliwa tarehe 3 Novemba 1955, na safari ninayoisimulia ilianza Jumanne, tarehe 19. Naweka haya wazi mapema kwa sababu tangu nirudi nimesikia, hata ndani ya kikundi chetu cha kanisa, habari za safari hii ambamo nina miaka themanini, nimepotea, na nimepatikana na polisi. Sikupotea. Nilichelewa, na mtu aliyesoma anajua kutofautisha mambo hayo mawili.

Mau Narok: jiwe na kuku

Marehemu mume wangu, Mwangi, alifariki tarehe 6 Machi 2023. Aliacha shamba la viazi, ghala lenye mlango mbovu, na komiki moja. Komiki hiyo ilikuwa toleo la tatu la mfululizo uliochapishwa ng'ambo kwa Kiingereza, kabla nchi hii haijapata uhuru. Shujaa wake alikuwa mwanamume mwenye kifua kama gunia lililojazwa na mtu asiye na haya, suruali ya kubana, na joho la kijani lililopepea hata pale upepo ulipokosekana. Jina lake la Kiingereza lilikuwa refu, kwa hiyo wavulana wawili wa Nakuru walimpa jina la Bwana Joho. Mmoja wa wavulana hao alikuwa Mwangi. Wa pili, na mwenye komiki, alikuwa Jasbir, aliyeitwa Jasi, mtoto wa familia ya Kisikh iliyokuwa na gereji ambayo baba yake Mwangi alikuwa mlinzi wake.

Mwaka 1964, wote wawili wakiwa na miaka kumi na mitatu, Jasi alimwazima Mwangi komiki hiyo. Kesho yake baba yake Mwangi alipata shamba Mau Narok, na familia ikahama kwa haraka ya watu wanaoogopa shamba litabadilisha mawazo. Bwana Joho alihama nao ndani ya sufuria.

Katika ukurasa wa mwisho, Bwana Joho amelala chini ya daraja la reli. Alilishikilia daraja hilo hadi gari moshi lililojaa watu likapita salama, kisha daraja likamwangukia. Maji yanapanda. Unaonekana mkono wake mmoja tu. Chini yake pameandikwa kwamba hadithi itaendelea katika toleo la nne, toleo ambalo mume wangu hakuwahi kulitia machoni. Alikufa akiwa na miaka sabini na miwili, na neno lake la mwisho lililoeleweka lilikuwa, "Mrudishie Jasi Bwana Joho."

Lingekuwa neno la kuhifadhiwa moyoni, lakini shemeji yangu Kariuki, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa palepale kando ya kitanda, na masikio yake ni mazima. Katika ukoo wetu jiwe la kaburi halisimamishwi juu ya mtu ambaye bado ameshika kitu cha mwenzake. Mwenye kitu lazima aje mwenyewe, asimame mbele ya wazee, kitu kionekane na kila jicho, na atamke kwamba kimerudi. Jiwe lenyewe nilikuwa nimekwisha kulileta. Lilikuwa limelala nyuma ya ghala, likiwa limechongwa jina na tarehe zote mbili bila kosa, na kuku walikuwa wamelifanya kitanda.

"Shemeji," nilimwambia Kariuki, "hii ni karatasi ya watoto."

"Kama ni ya watoto, mbona mzee mzima amekufa akiitaja?"

"Basi tumpigie huyo Jasi simu, aseme amepokea."

"Simu haina macho. Na wewe namba yake unayo?"

Sikuwa nayo. Ndivyo ilivyokuwa kwamba mume wangu alilala mwaka mzima na zaidi bila jina, huku kuku wakiwa na jiwe.

Kabla sijaondoka, ni lazima nieleze jinsi komiki ilivyokuwa imevaa, maana mavazi yake ndiyo yaliyoleta karibu kila kilichofuata. Nilianza masomo ya watu wazima, yale mnayoyaita gumbaru, nikiwa na miaka arobaini na minane. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba kitabu kisicho na jalada ni sawa na mtu aliyekwenda kanisani bila shati. Kwa hiyo nililivika jarida lile karatasi ya kaki, nikaligundisha kwa uji mzito wa unga wa ngano, ngano ya hapa hapa kwetu, na mbele nikaandika jina langu, darasa langu, na tarehe: 14 Juni 2005. Juu ya hapo, kwa kuzuia vumbi, nililitia ndani ya mkoba wa Biblia wenye zipu. Biblia yangu haikulalamika. Ina mkoba mwingine.

Mau Narok hadi Nakuru: neno la lori

Kimani, dereva wa lori la viazi, alikubali kunibeba. Alikuwa akienda hadi Nairobi kwa njia ya Mai Mahiu, baada ya kulala Nakuru usiku mmoja akisubiri viazi vya mtu mwingine.

"Mathe, si ukae tu hadi mwisho," alinishawishi. "Kiti ni ya bure, na wewe si mzito."

Nilimjibu kwamba ninashuka Nakuru, kwa maana niendako ninakujua. Naomba mlikumbuke jibu hilo.

Kabla ya kufika Njoro, mashine ya kuvunia ngano ilikuwa imekwama kwenye tope katikati ya barabara, pana kama nyumba na isiyo na haraka. Malori yalipanga foleni. Madereva walishuka, wakaizunguka mashine ile, na kila mmoja akatoa ushauri wake bila kuondoa mkono mfukoni. Mchana ukaenda. Tulikula viazi vilivyochomwa kando ya barabara kwa chumvi ya karatasini, na ninakiri kwamba vilikuwa vitamu kuliko vya kwangu. Kisha Kimani akauona mkoba wa zipu mapajani mwangu.

"Wasee, kujeni! Mathe ako na Biblia! Mathe, tupatie kaneno kadogo, hii kitu itoke."

Walikuja kama kumi hivi, wakavua kofia. Mtu mwingine angesema ukweli. Mimi ni katibu wa akina mama kanisani, na wanaume kumi walikuwa wamekwisha kuvua kofia. Nilifungua zipu nusu, nikachungulia, na macho yangu yakakutana na ule mkono mmoja juu ya maji. Nikasema kilichokuwa mbele yangu.

"Palikuwa na mtu mwenye nguvu. Akaona daraja linavunjika na watu wanakuja. Akaingia chini yake, akalishika kwa mabega yake hadi wa mwisho akavuka. Ndipo daraja likamwangukia."

"Na akatoka?" aliuliza mmoja.

"Haijaandikwa."

Dereva mmoja mwenye ndevu akafuta macho yake waziwazi. "Hiyo ni Waamuzi, ama?" akanong'ona.

"Hii ni ya tatu," nilisema, nikafunga zipu.

Muda si muda trekta likatokea na kuivuta mashine. Mwenye trekta alikuwa amepigiwa simu tangu asubuhi, lakini hakuna aliyetaka kulisikia hilo.

Nakuru: gereji isiyokuwepo

Mahali palipokuwa na gereji ya kina Jasi sasa pana duka la simu, na ghorofani mwalimu wa densi anayehesabu hadi nane bila kuchoka. Nje, kando ya mlango, bwana mmoja wa miaka kama arobaini aitwaye Wafula alikuwa ametandaza vitabu vya mitumba. Nilidhani mtu wa vitabu atajua historia ya mtaa. Nilimweleza nilichobeba, naye akaomba kukiona. Alinawa mikono kwanza, jambo lililonipendeza.

Kisha akaiona kaki.

"Mama," alisema polepole. "Hii ni toleo ya tatu. Ya kwanza kabisa, ile ya zamani. Watu wanaitafuta dunia nzima. Na wewe... hii ni gundi?"

"Ni unga wa ngano."

"Unga!" Aliketi juu ya kamusi. "Na umeandika jina! Kwa kalamu! Mama, watu huweka hizi vitu ndani ya plastiki, hawapumulii hata!"

"Na huzisoma lini?"

"Hawasomi. Wanaweka."

Nilimweleza kwamba jarida hili limesomwa na watoto wanne, mume mmoja, na mwanafunzi mmoja wa gumbaru aliyejifunzia picha zake kabla ya maneno, na kwamba bila kaki lingekuwa vipande vya kuwashia jiko. Alinitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa anayejisifu. Hata hivyo alinikaribisha chai, kwa maana majonzi hayakumwondolea adabu, na akanielekeza kwa Bi Kanta, mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara, ambaye familia yake haijahama tangu mtaa ule ulipojengwa.

Bi Kanta alinipa sambusa za dengu na kiti. "Jasi? Yule wa mafuta kwa mikono? Baba yake alipokufa, gereji ilikwisha. Akaenda Kamere, huko ziwani. Anatengeneza injini za mashua. Ulikuwa unataka nini kwake, mama?"

"Kumrudishia kitu."

"Wah! Watu wa Nakuru hawarudishi. Wewe ni wa wapi?"

Nililala kwa binti yangu usiku ule na uliofuata, kwa sababu alisisitiza kwamba nimechoka. Sikuwa nimechoka. Hapo ndipo Kimani aliponipita na lori lake.

Kamere: mwanamke mwenye faili

Alhamisi, tarehe 21, nilifika Naivasha, na basi la wafanyakazi wa mashamba ya maua likanisogeza hadi Kamere. Nilikuwa nimevaa suti yangu ya bluu ya harusi za watu wengine, viatu vya kufungwa, na miwani. Nilimsimamisha kila niliyemkuta na kumuuliza kwa ufasaha: "Samahani, Mhindi anayeitwa Jasbir anaishi kiwanja kipi?"

Hakuna aliyemjua. Mwanamume mmoja aliyekuwa akishona nyavu alisema alihama miaka mingi iliyopita. Mwingine alisema alikufa. Wa tatu, aliyesimama kando ya injini ya mashua iliyofunguliwa, alisema hapajawahi kuwa na Mhindi Kamere tangu ziwa liwe ziwa. Nilizunguka chini ya jua hadi miguu ikanilazimisha kuingia kibandani kwa Mama Atieno, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuvusha maji, aliyekuwa akikaanga samaki. Aliniletea ngege mzima, ugali na sukuma, akanitazama nikila kana kwamba ananipima jeneza.

"Madam," alisema mwishowe, "samaki ni yako. Lakini hiyo faili yako, rudi nayo."

"Faili gani?"

"Hiyo ya zipu. Sisi si watoto. Kila wakati mtu akikuja hapa na viatu ya kufunga na karatasi ya kaki, wiki ijayo tunaambiwa hii ploti iko na mwenyewe. Kalasinga wetu, Singh, ametengenezea hawa watu injini miaka yote. Hatumwuzi."

Nilimwelewa vyema, na ninakiri kwamba nilijisikia vizuri kidogo kudhaniwa mtu wa ofisi ya ardhi. Lakini jiwe langu lilikuwa chini ya kuku. Nilifungua zipu, nikaweka komiki mezani kati ya ugali na chumvi, na kuifunua.

Mama Atieno aliinama. "Hii ni nini? Huyu amevaa nguo ya ndani juu ya suruali?"

"Ndivyo wanavyovaa huko kwao."

Akacheka hadi akashika meza. "Kujeni muone! Madam amebebea Singh katuni!" Mwenye nyavu alikuja, na yule aliyesema Jasi amekufa akaja pia, na wakafunua kurasa wakiwa na mikono ya samaki. Nilijitahidi kumkumbuka Wafula bila kutabasamu. Walipofika kwenye ule mkono mmoja, kicheko kikakatika.

"Na alitoka?" aliuliza aliyesema Jasi amekufa.

"Sijui. Na mume wangu amekufa bila kujua."

Mama Atieno akajifuta mikono. "Singh aliitwa Mai Mahiu jana. Kuna lori imekufa huko, wameshindwa nayo. Pikapu ya samaki inatoka saa hii. Panda mbele."

Mai Mahiu: miguu miwili

Mai Mahiu ni mahali ambapo malori hupumzika kabla ya kuupanda mlima, na mengine hupumzika zaidi ya yalivyokusudia. Pikapu ilinishusha mbele ya vibanda vya matumbo na chai, na kitu cha kwanza nilichokiona ni lori la viazi. Nililijua kwa turubai yake. Nililijua kwa kiti nilichokuwa nimekalia.

"Mathe!" Kimani alitoka kibandani na mfupa mkononi. "Mathe wa neno! Si nilikuambia ukae tu hadi mwisho?"

Chini ya lori miguu miwili ilikuwa imechomoza, imevaa kandambili, na spana ilikuwa ikigonga chuma. Nilipiga magoti kwenye vumbi na suti yangu ya bluu.

"Samahani. Wewe ndiwe Jasbir?"

"Subiri foleni, mama. Hii gearbox haina adabu."

"Mimi ni mke wa Mwangi."

"Mwangi ni wengi."

"Mwangi wa Bwana Joho."

Spana ilinyamaza. Nilisikia mafuta yakidondoka. Kisha sauti ikauliza, na haikuwa sauti ya mzee, "Amekuja nayo?"

"Amekufa. Mimi nimekuja nayo."

Hakutoka upesi. Kimani alitaka kumvuta kwa miguu, nikamzuia. Alipotoka, alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe zilizopakwa grisi, na macho aliyafuta kwa mgongo wa mkono, akajipaka grisi zaidi. Sikumpa komiki kabla hajanawa. Aliipokea, akaigeuza, akasoma jina langu na darasa langu.

"Imekaa vizuri," alisema. "Yangu haina nguo."

"Yako ipi?"

Hapo aliniambia. Wiki ileile Mwangi alipohama, toleo la nne lilifika dukani, naye akalinunua. Lakini walikuwa wameapa kwamba matoleo yote watayasoma pamoja, na anayetangulia peke yake ni mwizi. Akaliweka ndani ya kopo la biskuti kumsubiri mwenzake. Lilihama naye hadi Kamere. Hakuwahi kulifungua.

"Miaka yote hiyo?" nilimuuliza.

"Si angekuja?"

Nilimtazama mzee yule mwenye kandambili, nikaelewa kwa nini alipatana na mume wangu. Nikamweleza habari za jiwe, na kwamba shemeji yangu haamini simu. Alisema hilo ni jambo la haki kabisa, na hata yeye simu haziamini.

Mau Narok: kitu kinaonyeshwa

Walikuja Jumamosi, tarehe 14 Desemba, kwa lori la Kimani, Jasi akiwa na kilemba cha zambarau na kopo la biskuti mapajani. Wazee walikuwa wameketi. Kariuki alisimama kwa fimbo yake na kuuliza, kama inavyotakiwa, ni nani anayedai.

"Mimi," alisema Jasi. "Nilimpa Mwangi kitabu."

"Kionekane."

Ndipo komiki ya Bwana Joho ikapita kutoka mkono hadi mkono, kwa wazee ambao baadhi yao hawajawahi kushika kitabu kisicho na nyimbo za kanisa. Walivaa miwani. Hakuna aliyeharakisha. Mzee mmoja aliuliza kama suruali ile haimsumbui mtu akipanda ngazi. Lakini kila aliyeufikia ukurasa wa mwisho aliinua kichwa na kunitazama mimi, na hatimaye Kariuki akauliza kwa niaba yao.

"Alitoka?"

Jasi alifungua kopo. Akampa Kimani amshikie kifuniko. Akafungua toleo la nne, ukurasa wa kwanza, mbele ya kaburi, akanipa nisome kwa kuwa macho yake yalikuwa yamejaa. Nilisoma Kiingereza chake, nikatafsiri.

Katika picha ya kwanza Bwana Joho amesimama juu ya paa mjini, mkavu, joho limepigwa pasi. Pameandikwa: "Baada ya kujinasua kutoka chini ya daraja, shujaa wetu anarudi mjini."

Tulingoja.

"Kujinasua vipi?" aliuliza Kariuki.

"Haijaandikwa."

"Fungua mbele."

Nilifungua. Mbele alikuwa akipigana na mtu mwingine kabisa, mwenye vazi la chuma.

"Haiwezekani!" Kariuki aligonga fimbo chini. "Daraja zima! Hata jeki hakuna! Hawa watu wanatudharau!" Wazee wakanguruma. Jasi alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yakitikisika, na ilinichukua muda kutambua kwamba anacheka na analia kwa wakati mmoja.

"Miaka yote," alisema. "Hiyo tu."

Kariuki akanigeukia. "Shemeji. Mwangi alikuwa anasemaje?"

Mwangi alikuwa akisema mengi. Watoto walipokuwa wadogo, Bwana Joho aliokolewa na viboko wa Naivasha. Mwaka wa ukame, mto ulikauka akatoka kwa miguu. Lakini mara ya mwisho, hospitalini, nilimuuliza tena ili kumpitishia muda, naye akajibu tofauti, nami sikuwa nimemwambia mtu yeyote hadi siku ile.

"Alisema hakutoka," niliwaambia. "Alisema aliona magari moshi mengine yatapita, akaamua kubaki chini, alishike daraja."

Jasi alinyanyuka, akavua viatu, akasimama pale anaposimama mwenye kitu.

"Kitu changu kimerudi," alisema kwa sauti ya kusikika hadi shambani. "Mwangi hana kitu changu." Kisha akanigeukia na kuongeza, jambo ambalo halimo katika taratibu: "Mama, unga wa ngano bado uko? Hizi mbili zivae nguo moja."

Niliwasha jiko, nikakoroga uji. Tulizigundisha pamoja, toleo la tatu na la nne, ndani ya kaki mpya, na mbele nikaandika majina mawili, la Mwangi na la Jasi, na tarehe. Gundi ilipokuwa ikikauka, Kariuki aliwaita vijana wa ukoo waende nyuma ya ghala.

Jiwe lilisimamishwa siku hiyo, Jumamosi, tarehe 14 Desemba 2024. Kuku walitafuta pengine pa kulala.